INJINI NDO HAKUNA, MADEREVA WAPO KIBAO!

Jina kapuni, ila wapenda mbio za magari pale Dom wanamjua. Kila Indianapolis 500 ikikaribia anaposti kwamba magari ni machache kwa sababu madereva wakali wameisha. Acha hizo, kaka! Tangu Lotus ajitoe baada ya msimu wa 2012, wamebaki Honda na Chevrolet tu, na injini zenyewe haziuzwi, zinakodishwa. Hao wawili wakisema zimetosha, hata uwe na gari, dereva na mdhamini, utaangalia kwenye TV kama sisi wa Area C. 2022 walipatikana 33 kwa nafasi 33, tena huyo wa mwisho kwa mbinde. Hakuna aliyetolewa!

Na 2012 magari mawili ya Lotus yaliondolewa mbioni kwa kujikokota. Hapo nalo kosa la dereva?

Mkulima wa zabibu wa Hombolo anaelewa fasta: wanunuzi wawili watatu wakisema wamejaza, mzigo unaozea shambani, na si kwamba haukuwa mtamu.

Bro aendelee na picha zake za suti. Mdau, unasemaje?