KODI TUNAPOKEA, BATI ATAPIGA NANI?

Ndugu Wanachama,

Someni mpaka chini, msiishie kwenye kichwa cha habari.

Juzi mvua ya kwanza ilipoanguka, mwalimu aliyepanga chumba cha pili katika nyumba yetu ya ushirika alikesha ameketi. Kitanda alikisukuma pembeni, sufuria mbili akazitega chini ya matone, madaftari ya watoto wetu akayafunika kwa nailoni. Asubuhi akaenda kwa Kamati. Jibu alilopewa ni hili: "Anayekaa ndani ndiye anayetengeneza."

Nasema jibu hilo ni la kikabaila. Na nalisema hapa ukutani, mchana kweupe, kwa sababu mwenye nyumba ile si tajiri wa mjini. Mwenye nyumba ni sisi.

Hebu tukumbuke hesabu tuliyosomewa mkutano mkuu. Vyumba vinne, kila kimoja Sh. 20,000 kwa mwezi. Hiyo ni Sh. 80,000 kwa mwezi, Sh. 960,000 kwa mwaka. Kwenye safu ya matengenezo palikuwa na kistari tu. Tulipiga makofi, mimi nikiwemo. Hakuna aliyeuliza kistari kile maana yake nini. Juzi mwalimu ameijua maana yake.

Wengine wanasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jamani, methali hiyo ni ya mgeni anayekula bure. Mpangaji analipa kodi, na kodi ndiyo jembe lake. Yeye amekwisha lima. Sisi ndio tulioacha shamba letu liote magugu.

Wengine wanasema: bati limeoza yeye akiwa ndani. Kwani yeye ndiye aliyeliozesha? Bati lile lilipigwa kabla hajafika hapa. Kutu huanzia kwenye tundu la msumari. Maji yakipita hapo yanalowesha mbao za kenchi, mbao zinaoza, mchwa nao wanafuata. Kisha maji yanateremka ukutani, na tofali mbichi likinywa maji linamumunyuka. Hiyo ni kazi ya miaka, jua na mvua, si ya mkono wa mwalimu. Tungegongea misumari mipya mapema, kazi ingekuwa ya nusu siku. Leo ni bati na mbao. Tukingoja tena itakuwa ukuta mzima, na wazee walishatuonya juu ya asiyeziba ufa.

Anayetaka sheria, ipo. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inamtaka anayepangisha chumba cha kuishi akitoe kikiwa kinafaa kukaliwa na binadamu, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Akipangisha sehemu tu ya jengo, paa na kuta kuu ni juu yake. Najua yupo atakayesema kwamba ardhi ya kijiji ina sheria yake, Namba 5 ya mwaka huo huo. Sawa. Lakini je, binadamu akivuka mpaka wa kijiji anageuka bata, halowi tena?

Wazee mnakumbuka: Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba za kupangisha. Sharti hilo lililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na kupangisha si dhambi. Lakini hoja ya wakati ule bado ina akili: anayepokea kodi bila kutoa jasho anakula jasho la mwenzake. Vijana wetu wanaopanga mjini wakija kutusimulia kwamba mwenye nyumba kakataa kutengeneza choo, sisi tunamwita kupe. Je, kupe wa kijijini tumwiteje?

Simfanyi mpangaji kuwa malaika. Mtoto wake akivunja kioo kwa mpira, alipe. Akipoteza ufunguo, anunue kitasa. Akiunguza mlango kwa jiko la mkaa, atengeneze. Balbu na usafi ni juu yake. Na akiona tundu dogo, aseme siku ile ile. Akinyamaza mpaka likawa kubwa, naye ana lawama. Kwa kifupi: kilichoharibiwa na mkono ni cha mwenye mkono, kilichochakaa kwa umri ni cha mwenye mali.

Basi, naomba mkutano ujao upitishe haya:

1. Paa, kuta, sakafu, milango na shimo la choo vikichakaa, ushirika utengeneze.

2. Mpangaji akiingia, mjumbe mmoja wa Kamati akague chumba pamoja naye, waandike hali yake kwenye daftari, wote wawili watie sahihi. Akitoka, wasome daftari lile lile. Ubishi utakwisha.

3. Katika kila Sh. 20,000 ya kodi, Sh. 4,000 iwekwe fungu la matengenezo, isiguswe kwa soda za kikao.

4. Jambo la haraka likitokea na Kamati haipo, mpangaji atengeneze, alete risiti, akatwe kwenye kodi.

Ndugu zangu, mwalimu huyu akiomba uhamisho, bati tutalipiga tu, maana chumba chenye tundu hakipati mpangaji mwingine. Lakini Hesabu za darasa la saba atafundisha nani? Mwenyekiti? Mimi?

Mkutano uko mbali, mvua iko karibu. Jumamosi asubuhi mimi nakuja na ngazi na nyundo. Mweka Hazina atoe bati na misumari. Asiyekuja asije akasema tena hapa kwamba sisi ni wanaushirika.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.