Ati Mshairi ni Mtu wa Ubongo wa Kulia!

Limeenea neno baina yetu, na kila likikaririwa linazidi kupata sura ya ukweli: ati binadamu wamegawika mafungu mawili. Wako wanaotawaliwa na nusu ya kushoto ya ubongo, hao ni watu wa hesabu na mantiki. Na wako wanaotawaliwa na nusu ya kulia, hao ni watu wa hisia na sanaa. Mshairi, bila ya kuulizwa, ametiwa fungu la pili. Baadhi ya watunzi wanaipokea kauli hii kama sifa. Waama, ni tusi lililovishwa kanzu ya elimu.

Asili yake inajulikana. Mwaka 1861 tabibu wa Kifaransa, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa ambaye takriban neno lake pekee lilikuwa "tan". Alipofariki, ubongo wake ulikutwa na dhara upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, akaeleza sehemu nyingine, nyuma zaidi, ambayo ikidhurika mtu husema mfululizo maneno yasiyoshikana maana. Baadaye Roger Sperry akawachunguza wagonjwa wa kifafa waliokatwa daraja la nyuzi liunganishalo nusu mbili za ubongo, akaonesha kuwa kila nusu ina kazi inazozimudu zaidi. Akatunukiwa Nobel mwaka 1981.

Hayo ni kweli, wala hatuyapingi. Lakini hao walikuwa watu waliokatwa daraja. Letu li zima, lina nyuzi zipatazo milioni 200, na habari hazikomi kupita humo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitangaza matokeo ya kuchunguza picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000. Waliona kazi zenye upande wake. Hawakuona mtu mwenye upande wake.

Tena natulitazame shairi lenyewe. Mshororo una mizani 16, nane kwa nane. Ubeti wa mishororo minne una mizani 64, na vina vya kati na vya mwisho havina ruhusa ya kuteleza. Hiyo si hesabu? Maneno na sarufi, kwa walio wengi, hushughulikiwa zaidi na upande wa kushoto. Lahani, mzaha na fumbo hutegemea sana upande wa kulia. Mapigo husaidiwa na serebela, kijisehemu cha kisogoni kilichobeba takriban asilimia 80 ya seli za neva bilioni 86 za ubongo wote. Mkono mmoja haulei mwana, wala nusu moja haitungi shairi.

Hasara ya uzushi huu inawafika watoto. Kijana apendaye kutunga huambiwa hesabu si fungu lake. Mwenziwe hodari wa fizikia huambiwa ushairi haumhusu. Na mtunzi mvivu, akikosolewa mizani, hujitetea kuwa yeye ni mtu wa hisia.

Walimu wa skuli zetu na waache kuwagawa watoto kwa elimu isiyokuwapo. Wafundishe mizani pamoja na hesabu, na fumbo pamoja na mantiki. Na anayedai kutunga kwa nusu ya ubongo, tumrejeshee shairi lake akalimalize.