Kolwezi: Bidoni ya maji nyuma ya gari si dawa ya motere

Kila asubuhi katika mtaa wa Musonoi, mjini Kolwezi, wenye magari ya zamani wana kazi moja wanayoifanya kabla ya kuwasha. Shofere anafungua kapo, anatoa bushoni ya radiatere, anamimina maji ya bidoni mpaka yafike mdomoni, anafunga na kwenda zake. Jioni maji yamepungua. Kesho yake anarudia. Wengi wameizoea kazi hiyo kiasi cha kuiona kama kutia esansi: gari linakula mafuta, basi linakunywa pia maji.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Motere haina kiu. Maji yanayozunguka kati ya motere na radiatere yako katika njia iliyofungwa. Yanachukua moto wa motere, yanaupeleka kwenye radiatere, upepo unayapoza, nayo yanarudi. Katika gari lenye afya, maji yaleyale yanaweza kuzunguka miezi mingi bila kuongezwa hata kikombe. Yakipungua kila siku, kuna mahali yanapotokea. Kumimina mengine bila kutafuta mahali hapo ni kuficha ugonjwa, na ugonjwa huo mwisho wake ni motere iliyokufa.

Jambo hili lina uzito wake katika mkoa wa Lualaba. Magari ya zamani hapa si vitu vya maonyesho. Peugeot 504, gari lililotoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1968, Toyota za miaka ya 1980 na Land Cruiser zilizochoka bado zinapeleka watoto shuleni na mama sokoni. Kwa mstaafu wa mgodi, gari kama hilo mara nyingi ndilo mali pekee iliyobaki mkononi baada ya miaka ya kazi. Motere ikikwama, kinachokwama ni chakula cha nyumba nzima.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Kolwezi wanapaswa kulijua kuliko watu wa Matadi au wa Mombasa. Mji huu uko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Pwani, maji katika sufuria wazi yanachemka kwa digri 100. Kolwezi yanachemka kwa digri 95 hivi, kwa sababu uzito wa hewa juu yake ni mdogo. Motere nyingi zinafanya kazi kati ya digri 80 na 95. Maana yake ni kwamba gari linalopanda mlima kwenye barabara ya Likasi, likiwa na bushoni isiyobana, liko karibu sana na kuchemka hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Ndiyo sababu bushoni ya radiatere si kifuniko tu. Ndani yake kuna resorti inayoshikilia presha. Maji yakibanwa, yanachelewa kuchemka. Bushoni ya nusu bari, kama zile za magari mengi ya zamani, inafanya maji ya Kolwezi yavumilie hadi digri 108 hivi kabla ya kuchemka. Resorti ikilegea au mpira wake ukipasuka, kinga hiyo yote inapotea. Mvuke unatoka kidogo kidogo kwenye bomba la pembeni, shofere haoni tone hata moja chini ya gari, na jioni anashangaa maji yamekwenda wapi. Wakati mwingine gari limebadilishiwa pompa, matuyo na hata radiatere nzima, kumbe mgonjwa alikuwa bushoni, kipande cha bei ndogo kuliko vyote.

Wapo pia wanaofanya kosa la upande wa pili. Wakisikia kwamba presha ni nzuri, wanatafuta bushoni kali ya gari la kisasa na kuifunga kwenye radiatere ya miaka 40. Hapo wanapasua. Radiatere ya zamani, radiatere ndogo ya kupasha joto ndani ya gari na matuyo yake vilitengenezwa kwa presha ndogo. Bushoni inayofaa ni ile iliyoandikwa namba ya gari hilo, si ile yenye nguvu zaidi sokoni.

Lakini si kila maji yanayopungua ni ya kuvuja. Magari mengi ya zamani yalitoka kiwandani bila chupa ya kupokea maji. Maji yakipata moto yanavimba, karibu sehemu 4 kwa mia. Katika gari lenye lita 8, hiyo ni kama theluthi ya lita. Shofere aliyejaza mpaka mdomoni asubuhi hakuacha nafasi ya kuvimba, basi ziada inasukumwa nje na kumwagika barabarani. Jioni anakuta pengo, anajaza tena, na kesho gari linatupa kiasi kilekile. Mtu anaweza kufanya hivyo miaka mitano akiamini kwamba gari lake lina tundu. Dawa ya kwanza haina bei: kuacha nafasi ya vidole viwili juu ya mabomba ya radiatere, kisha kutazama siku tatu kama maji yanasimama hapohapo.

Dawa ya pili ni chupa. Chupa ngumu ya plastiki inayovumilia moto, iliyotolewa kwenye gari lililokufa, inafungwa karibu na radiatere. Tuyo la ziada linaingizwa mpaka chini kabisa ya chupa, na chupa inatiwa maji mpaka tuyo lizame. Bushoni inabadilishwa kwa ile yenye mipira miwili na kijilango cha kurudisha maji. Motere ikipata moto, ziada inaingia ndani ya chupa. Ikipoa, radiatere inavuta na kuyarudisha yaleyale. Tuyo likiishia juu ya maji, radiatere itavuta hewa, na kazi yote itakuwa bure. Kwa gari lenye radiatere nzima, chupa hiyo moja inaweza kumaliza safari za bidoni.

Kama maji bado yanapungua, basi kuna tundu, na tundu linatafutwa asubuhi motere ikiwa baridi. Alama nyeupe au ya kijani kwenye shingo ya tuyo ni njia ya maji yaliyokauka. Kitundu kidogo chini ya pompa ya maji kikilia machozi, mpira wa pompa umekwisha. Zulia la mbele likiwa na unyevu na vioo vikifanya ukungu, radiatere ndogo ya ndani imepasuka. Mafuta ya motere yakiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, au mapovu yakipanda ndani ya radiatere motere inapozunguka, joenti ya kulasi imeungua. Hapo gari lisiwashwe tena. Kwenye motere kama ya Peugeot 504, kulasi ni ya aliminiumu na bloku ni ya chuma. Vyuma hivi viwili havivimbi sawasawa, kwa hiyo kuchemka mara moja kwa nguvu kunatosha kuikunja kulasi.

Mafundi nao wana sehemu yao ya lawama. Gari likichemka, wengine wanakimbilia kuondoa teremostati na kusema kwamba Afrika haina baridi. Teremostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Inaifanya motere ifike haraka kwenye joto lake na kubaki hapo. Bila hiyo motere inazunguka baridi, inakula esansi zaidi, mafuta yake yanakuwa mazito na vyuma vinasagika mapema. Katika baadhi ya motere, kuiondoa kunaacha njia fupi wazi, maji yanarudi bila kupita kwenye radiatere, na gari linachemka kuliko mwanzo. Anayeondoa teremostati amezima taa ya hatari na kuiacha hatari yenyewe.

Uongo mwingine ni kuhusu antijele. Kwa sababu jina lake linataja barafu, watu wanadhani ni dawa ya Ulaya. Katika nchi ya joto kazi yake kubwa ni nyingine: inazuia kutu, inalinda pompa na inaongeza kiwango cha kuchemka. Maji matupu ndani ya motere yenye chuma, shaba na aliminiumu yanafanya vyuma hivyo vilane. Maji ya visima yanayopita kwenye mawe ya dolomia, mawe ambamo shaba ya Katanga inalala, hubeba chokaa. Kila bidoni inayomiminwa inaleta chokaa mpya, maji yanakwenda na chokaa inabaki. Mwaka hadi mwaka mabomba membamba ya radiatere yanaziba kama birika la chai. Basi anayemimina kila siku anatengeneza yeye mwenyewe ugonjwa wa kesho. Maji ya mvua yaliyochujwa vizuri, au maji ya betri, yakichanganywa na antijele nusu kwa nusu, yanafaa kuliko ya kisima.

Vumbi nalo lisisahauliwe. Wakati wa kiangazi barabara za migodi zinafunika kila kitu, na vumbi likikutana na mafuta mbele ya radiatere linakuwa kama udongo wa kufyatulia matofali. Radiatere inaweza kuwa imejaa maji mazuri na bado ikashindwa kupoza. Kuiosha kwa maji yasiyo na nguvu sana, kutoka upande wa motere kwenda mbele, ni kazi ya nusu saa kabla ya joto la Septemba na Oktoba.

Kuna kichekesho chenye uchungu katika habari hii. Radiatere za magari ya zamani zilitengenezwa kwa shaba, chuma kilekile kinachotoka chini ya Musonoi na kupandishwa kwenye malori kuelekea Kasumbalesa. Zikipasuka, fundi anaweza kuzifungua, kuzisafisha na kuziba tundu kwa risasi. Lakini kwa wanunuzi wa mitraye shaba ina bei, na mwenye gari aliyebanwa na shida anashawishika kuiuza kwa kilo na kuweka radiatere ya aliminiumu na plastiki. Hiyo ya pili ikipasuka kichwa chake cha plastiki, mara nyingi hutupwa. Mkoa unaolisha dunia shaba haufai kuuza radiatere zake nzuri kama takataka.

Watu watajibu kwamba maji ni ya bure na vipande ni ghali. Jibu hilo lina ukweli, kwa sababu hakuna anayevujisha maji kwa kupenda. Ila hesabu inapaswa kufanywa mpaka mwisho. Bushoni, kolie mbili za tuyo na chupa ya zamani vinanunuliwa kwa mapato ya siku chache. Kunyoosha kulasi, kununua joenti, kumwaga mafuta na kulala majuma mawili bila kazi kunaweza kula mapato ya miezi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa una upana wa mpira wa bushoni.

Zaidi ya fedha kuna mwili wa mtu. Radiatere ya moto ikifunguliwa, maji yaliyokuwa yamebanwa yanageuka mvuke mara moja na kumrukia usoni aliyeinama. Hakuna haraka ya abiria inayostahili uso wa shofere. Gari lizimwe na liachwe lipoe mpaka tuyo la juu lishikike kwa mkono. Baada ya hapo bushoni izungushwe polepole kwa kitambaa. Antijele nayo ni sumu yenye ladha tamu. Isiwekwe kamwe ndani ya chupa ya Fanta au ya maji ya kunywa, wala isimwagwe kwenye mfereji. Mto Musonoi umekwisha kubeba takataka za viwanda vya madini kwa miaka mingi, hauhitaji kuongezewa za garaji.

Yanayotakiwa hayazidi uwezo wa mtaa. Mafundi wa garaji za jirani wanaweza kuchanga na kununua pampu moja ndogo ya kupimia presha ya radiatere, yenye saa yake, ikazunguka kati yao. Kwa kifaa hicho tundu linaonekana kwa dakika chache bila kubahatisha. Shule za ufundi za Kolwezi zinaweza kuwafundisha vijana kwamba kazi ya fundi ni kutafuta sababu, si kumimina. Na mwenye gari anaweza kuanza na daftari: aandike kila Jumatatu maji yamefika wapi. Baada ya mwezi mmoja daftari litamwambia kama gari lake linavuja, au kama ni yeye aliyekuwa akilijaza kupita kiasi.

Bidoni ibaki nyuma ya gari kwa siku ya ajali. Siku itakapokaa mwezi mzima bila kuguswa, ndipo mwenye gari atakuwa na haki ya kusema kwamba gari lake limepona.