Kabla hujamchangia pampu ya maji

Kijana akipiga simu kutoka Uingereza kwamba ameacha kibarua, anataka kuosha madirisha kwa gari lake mwenyewe, usikimbilie kukataa, mzazi mwenzangu. Kazi ipo, tena siku hizi wengi hawapandi ngazi. Maji yaliyochujwa husukumwa na pampu iliyo ndani ya gari hadi kwenye brashi juu ya fito ndefu, naye amesimama chini.

Ila muulize kwanza tenki limefungwaje. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tenki la lita 400 ni kilo 400 zilizokaa nyuma ya kiti chake. Akifunga breki ghafla, mkanda wa kufungia mizigo pekee si wa kutegemewa. Liwe ndani ya fremu ya chuma iliyopigwa bolti hadi kwenye chasisi, na uzito usizidi kiwango cha gari. Hapa usikubali "nitarekebisha baadaye", maana vijana tunawajua.

Pampu yenyewe ni ndogo, ya volti 12. Ikae chini karibu na tenki, chujio likitangulia. Iwe na betri yake, si ile ya kuwashia gari. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwenye waya chanya. Waya ukichubuka bila fyuzi, gari linaweza kuungua. Kidhibiti kipunguze maji hadi lita 1 au 2 kwa dakika, zinamtosha. Wakati wa baridi kali aitoe maji pampu usiku, barafu huipasua.

Akutumie picha ya bolti na fyuzi, ndipo umtumie hela.