Daftari la Wiki: Mbolea ya Ruzuku Trans Nzoia

Mvua za masika zimekaribia, na katika kaunti ya Trans Nzoia, iliyohesabiwa tangu zamani kuwa ghala la mahindi la Kenya, mazungumzo ya watu, wawe sokoni au wametoka ibadani, hayaachi kurejea kwenye mbolea ya ruzuku: nani ameletewa ujumbe katika simu yake, na nani angali akingoja. Serikali ilitenda jambo la kushukuriwa ilipoiteremsha bei ya gunia la kilo 50, mwezi wa Septemba 2022, kutoka karibu shilingi 6,500 hata 3,500, na mwaka uliofuata ikaifikisha 2,500. Na mkulima wa ekari mbili, ambaye aghalabu akiba yake humalizwa na karo za watoto kabla hajashika jembe, ndiye aijuaye thamani ya tofauti hiyo.

*

Nje ya bohari ya Bodi ya Nafaka mjini Kitale nilimtazama mama mmoja wa makamo akiitoa simu yake ya vitufe, iliyozungushiwa mpira ili betri isidondoke, akamwonyesha karani ule ujumbe, naye karani akaulinganisha na kitambulisho, akapokea malipo, akaamuru atolewe magunia mawili. Mambo yalikwenda kwa adabu na kwa haraka. Lakini mama yule alikuwa ametoka upande wa Mlima Elgon, na nauli ya pikipiki ya kumrudisha yeye na mzigo wake ilikula sehemu kubwa ya nafuu aliyopewa. Kwa hiyo wanaodai mbolea ishushwe katika vyama vya ushirika, karibu na mashamba, wana haki kabisa.

*

Ya mwaka 2024 hayajasahauliwa, wala hayastahili kusahauliwa. Ilidhihirika msimu huo kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa kwa jina la ruzuku yalikuwa na ghashi; mwezi wa Mei Bunge la Taifa likapitisha hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, na siku chache baadaye kamati teule ya Bunge hilo hilo ikaamua kwamba tuhuma hazikuthibitika. Wakulima waliahidiwa fidia ya mbolea njema, nayo ni insafu. Ila gunia la fidia, hata likiwa safi namna gani, haliwezi kuurudisha mwezi wa Aprili, na mahindi yaliyokwisha kudumaa hayaamki kwa mbolea iliyochelewa.

*

Linalonikera zaidi ni daftari la majina. Mkulima huandikishwa kwa chifu au naibu wake, hutaja ekari zake, na kwa hesabu hiyo hukadiriwa magunia; basi aliyetaja ekari nyingi kuliko alizo nazo hupata ziada ya kuwauzia jirani zake, ilhali mjane ambaye shamba lingali katika jina la marehemu, au kijana aliyekodi nusu ekari, huhofia hata kujitokeza. Huko Marekani shirika la Environmental Working Group limechapisha majina ya waliolipwa ruzuku za kilimo, kaunti kwa kaunti, kwa rekodi zinazoanzia 1995, na raia yeyote aweza kuona fungu kubwa limekwenda kwa nani. Kenya nayo haikosi msingi wa sheria, kwani kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na ruzuku hii hutoka katika kodi ambayo hata mama yule wa Mlima Elgon huilipa kila anunuapo sabuni.

Nawaomba basi machifu na maofisa wa kilimo wa Trans Nzoia, kabla ya mbegu kutiwa ardhini, waibandike orodha hiyo katika kila baraza, jina, ekari na idadi ya magunia, wanakijiji waisome na kuisahihisha wenyewe.