Machi Si Wakati wa Kung'arisha Keja

Kila Machi simu zetu hujaa video za Marekani na Uingereza za kusafisha nyumba, nasi tunaiga. Wasee, kwao baridi ndiyo inaisha. Huku Kitale mvua ndefu ndiyo inaanza na watu wako shambani wakipanda mahindi. Ukipiga deki asubuhi, jioni matope yako mlangoni.

Majira yetu ni Desemba. Mahindi yameshavunwa, jua liko, na wageni wa Krismasi wako njiani. Ndiyo maana ushago, kutoka Trans Nzoia hadi Bungoma, nyumba za udongo hupakwa upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe: zinakauka haraka. Vitambaa vya sofa vinafuliwa, vilivyochakaa vinafumwa vingine. Huo ni ufundi, si ushamba.

Lakini nani anafanya? Mama na wasichana. Machali wanatokea chapati zikishaiva. Na kuteka maji na kukanyaga udongo ni kazi ya nguvu!

Msee, Desemba hii ukifika ushago, kabla hujauliza nyama iko wapi, uliza ndoo iko wapi.