Pensheni: CNSS ao mfuko wa kazini? Hesabu ya miezi 180 kwa wafanyakazi wa Majengo

Kila mwisho wa mwezi, katika nyumba nyingi za kartie Majengo, karatasi ya mshahara inasomwa kuanzia chini: kiasi gani kimeingia mkononi? Mstari ulio juu kidogo, ule wa CNSS na asilimia 5, watu wanaupita haraka. Wengine bado wanaita INSS, jina la zamani. Swali linalorudi ni lile lile: ile feza inaendaka wapi? Haingekuwa heri ibaki katika mfuko wa kazini, pale patroni na wafanyakazi wanajuana?

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu mwisho wa Januari 2025, wakati Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 na banki zikafunga milango. Kwa mlinzi wa usiku, muuguzi wa hospitali ya mtu binafsi, mwalimu wa shule ya kibinafsi ao dereva wa shirika, jibu linategemea hesabu ambayo wengi hawajaifanya: ni miezi mingapi imeandikwa kwa jina lake?

Sheria haitoi nafasi ya kuchagua

CNSS ni mfuko wa serikali wa usalama wa jamii, uliochukua nafasi ya INSS iliyoanzishwa mwaka 1961. Sheria inayouongoza ni namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Kila patroni mwenye mfanyakazi wa mshahara analazimika kumwandikisha na kumlipia kila mwezi. Watumishi wa serikali wana mfuko wao tofauti, CNSSAP, ulioundwa mwaka 2015.

Katika CNSS, jumla ya mchango ni asilimia 18 ya mshahara. Mfanyakazi anatoa 5, patroni anatoa 13. Kwa mshahara wa dola 300, mfanyakazi anakatwa dola 15. Patroni anaongeza dola 15 kwa ajili ya pensheni, dola 19 na nusu kwa ajili ya posho ya watoto, na dola 4 na nusu kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini. Kwa hiyo, mfanyakazi ambaye hakuandikishwa hapotezi dola 15 zake tu. Anapoteza pia dola 39 ambazo patroni alipaswa kuweka juu yake kila mwezi.

Kuna mapatroni wanaosema: sisi tuko na mfuko wetu, CNSS haituhusu. Maneno hayo yana msingi Kenya, hapa hayana. Kenya, sheria ya NSSF ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Februari 2023, inaruhusu sehemu ya pili ya mchango kupelekwa katika mfuko wa kazini uliokubaliwa na mamlaka ya pensheni. Sehemu ya kwanza inabaki NSSF kwa vyovyote. Kongo, mfuko wa kazini unaweza kuongezwa juu ya CNSS, lakini hauwezi kuchukua nafasi yake.

Miezi 180 na mwaka mmoja unaokosekana

Sheria ya 2016 iliweka umri wa kwenda retreti kuwa miaka 60 kwa wanaume na wanawake. Zamani wanaume walingoja hadi 65. Lakini umri peke yake hautoshi. Ili mtu alipwe pensheni mpaka kufa kwake, anapaswa kuwa na miezi 180 ya michango, ni kusema miaka 15. Mwenye kufikisha miaka 60 bila kutimiza miezi hiyo analipwa mara moja tu, kisha basi.

Tuchukue mlinzi wa miaka 45 anayeandikishwa leo kwa mara ya kwanza. Akitumika bila kukatika hadi miaka 60, atakuwa na miezi 180 kamili. Patroni akikaa mwaka mmoja tu bila kumtangaza, atafika na miezi 168. Ametumika miaka 15, jasho ni lile lile, lakini kwenye karatasi ni miaka 14. Pensheni ya kila mwezi imegeuka malipo ya siku moja. Na kama ana mke na watoto, haki yao ya kupokea pensheni baada ya kifo chake nayo inaguswa.

Ndiyo maana kwa wafanyakazi wa Goma mwaka 2025 si mwaka wa kuacha upite hivi hivi. Patroni aliyehamisha biro yake, aliyefunga kwa muda ao aliyeanza kulipa mkononi bila karatasi ameacha shimo katika hesabu ya watu wake, isipokuwa kama aliendelea kutangaza na kulipa.

Mifuko ya kazini haifanani

Neno «mfuko wa kazini» linabeba vitu vingi mjini Goma. Wenye nguvu zaidi ni ule wa Umoja wa Mataifa, unaowahusu wafanyakazi wenye kontra za MONUSCO na mashirika mengine ya UN. Mfanyakazi anatoa asilimia 7.9 ya mshahara unaohesabiwa kwa pensheni, na shirika linaongeza 15.8. Akitimiza miaka mitano, anaweza kungoja pensheni yake hata kama kazi imeisha. Akitoka mbele ya hapo, anarudishiwa michango yake na faida, lakini sehemu ya shirika haipati. Na mlinzi anayesimama kwenye mlango wa UN akiwa na kontra ya kampuni ya ulinzi hayumo kabisa katika mfuko huo.

Kisha kuna mashirika na makampuni yanayoweka akiba kwa wafanyakazi wao, katika banki ao kwa kampuni ya bima. Mlango huo wa bima ulifunguka baada ya sheria ya mwaka 2015 kumaliza ukiritimba wa SONAS. Mwisho ni mifuko midogo: muso ya wafanyakazi wa hospitali, likelemba ya walimu. Hiyo inasaidia sana wakati wa kilio, kuzaa ao masomo. Lakini haikujengwa ili kulisha muzee kwa miaka 20.

Mwaka uliojaribu mifuko yote

Wanaoogopa mfuko wa serikali wana sababu. Wazee wanakumbuka zaire. Mwaka 1993, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998, franga ya Kongo moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Ni kusema franga moja ilikuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300. Pensheni iliyohesabiwa kwa zaire ilikuwa jina tu.

Lakini mfuko wa kazini nao una ugonjwa wake: unaishi pale patroni anapoishi. Mwanzoni mwa 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikafungwa. Miradi ikasimama, kontra zikakatika. Wakati huo huo, akiba iliyokuwa katika banki za Goma ikabaki ndani ya milango iliyofungwa. CADECO ilifunguliwa tena Aprili 2025 chini ya AFC/M23, lakini feza taslimu zikabaki chache na watu wakategemea simu.

Kwa hiyo mwaka mmoja ulionyesha udhaifu wa pande zote mbili. Mfuko wa serikali unaumia serikali inapokosa kufika mjini. Mfuko wa kazini unaumia kazi inapokufa. Tofauti ni hii: kazi ikifa, miezi iliyokwisha kuandikwa CNSS inabaki kwa namba ya mfanyakazi na inamfuata kwa patroni mwingine, hata akihamia Bukavu, Beni ao Kinshasa. Akiba ya kazini mara nyingi inagawanywa siku ya kuachana, na inaliwa katika miezi ya kutafuta kazi nyingine.

Karatasi ndizo ushahidi

Tarehe 27 Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, Majengo ilikuwa kati ya kartie kumi zilizoamriwa kuhama mara moja. Watu walibeba watoto, magodoro na sufuria. Karatasi za mshahara zilibaki. Mwaka 2002 lava ilikuwa imekwisha kumeza biro na nyumba katikati ya mji, na miaka 23 baadaye vita vikatawanya familia tena. Anayedai pensheni bila karatasi anategemea kumbukumbu ya patroni ambaye pengine hayupo tena.

Namba ya CNSS ni ya mfanyakazi, si siri ya patroni, na kuiomba si ugomvi. Kila karatasi ya mshahara inaweza kupigwa picha na kutumwa kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Kontra inapoisha, karatasi inayoonyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza kazi ina thamani kuliko salamu za kuagana.

Kwa mfuko wa kazini, kuna maswali manne ya kuuliza kabla ya kukubali kukatwa. Feza inashikwa na nani? Kwa dola ao kwa franga? Mtu akitoka mapema anapata nini? Akifa, ni jina la nani limeandikwa? Patroni mwenye mfuko wa kweli anayo majibu kwa maandishi.

Mama wa soko na motari wa Majengo hawamo katika hesabu hii, maana hawana patroni wa kuwatangaza. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilianzisha Ejo Heza mwaka 2018 ili hata mkulima na mchuuzi waweke akiba ya uzee kidogo kidogo. Huku Majengo, kwa wengi wao, pensheni bado ni watoto na muso. Mwenye karatasi ya mshahara anacho kitu ambacho jirani yake hana. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba ule mstari wa asilimia 5 umefika mahali unaposema unaenda.